Kulinganisha mauzo ya rojo la mbao ya Uruguay na ya Amerika Kusini

Swali: Naandaa ripoti kwa ajili ya wapanda miti wa Mafinga. Kila mkutano wa misitu huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, lazima mtu aitaje Uruguay: nchi ndogo, imepanda milingoti, leo inauza rojo la kutengenezea karatasi dunia nzima. Nimetaka kuilinganisha na Amerika Kusini yote. Jedwali moja, lililotokana na takwimu za forodha, linaonyesha kwamba Uruguay inauza nje magogo mengi na rojo kidogo tu. Jedwali la FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, linaonyesha mamilioni ya tani za rojo. Nishike lipi? Na hiyo asilimia ya kanda naipataje?

Jibu: Kwa upande wa tani, shika la FAO. Lile la forodha nalo si la uongo, na ukilielewa litakuepusha na kosa kubwa kuliko yote katika hesabu hii, kwa hiyo tuanze nalo.

Uruguay ina viwanda vitatu vikubwa vya rojo. Cha Fray Bentos kilianza Novemba 2007 chini ya Botnia na sasa ni cha UPM ya Finland. Cha Punta Pereira, katika jimbo la Colonia, ni cha Montes del Plata, ubia wa Stora Enso na Arauco ya Chile, na kilianza Juni 2014. Cha tatu, karibu na Paso de los Toros, ni cha UPM pia na kilianza Aprili 2023. Vyote vitatu vimejengwa ndani ya maeneo huru. Na eneo huru, kwa sheria za forodha, limo ndani ya nchi lakini liko nje ya himaya ya forodha. Lori la magogo likitoka shambani na kupita geti la kiwanda, forodha inaandika kuwa mbao zimeuzwa nje, ingawa hazijavuka hata mto. Rojo likitoka kiwandani na kupakiwa melini, kwa mtazamo wa forodha hiyo si bidhaa iliyotoka kwenye himaya yake, kwa hiyo linaandikwa katika daftari lingine au halionekani kabisa kwenye jedwali la kawaida.

Kulithibitisha hilo ni rahisi. Fungua msimbo 4403 (magogo) na 4401 (kuni na vipande vya mbao), kisha tazama safu ya nchi zinazonunua. Utakuta sehemu kubwa ya mzigo mnunuzi wake si China wala Ureno bali "maeneo huru". Hayo ndiyo magogo yako mengi. Usiyafute yote, maana Uruguay huuza pia magogo halisi, hasa ya misindano, kwenda China na India. Toa yale ya maeneo huru tu.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa mara ya pili. Wakishagundua kwamba rojo limekosekana, wanalichukua kwenye chanzo kingine na kulijumlisha juu ya takwimu za forodha bila kuondoa magogo. Tani moja ya rojo la mikaratusi (ndiyo milingoti) lililopaushwa hula takriban mita za ujazo 3.5 hadi 4 za mti. Tuseme gogo limeandikwa kwa dola 50 kwa mita ya ujazo na rojo linauzwa dola 550 kwa tani. Ukivijumlisha vyote viwili kwa kiwango cha mita 4, unapata dola 750 kwa kitu ambacho mnunuzi amekilipia 550. Gharama ya gogo tayari imo ndani ya bei ya rojo.

Vyanzo vinavyohesabu nchi nzima, pamoja na maeneo huru, ni FAO kwa tani, Benki Kuu ya Uruguay katika urari wa malipo, na Uruguay XXI, wakala wa serikali wa kukuza mauzo ya nje. Kwa thamani mimi ningeanza na Uruguay XXI, kwa kuwa ripoti zake husema wazi kama maeneo huru yamo au hayamo. Kwenye FAO, usisome namba bila kusoma herufi iliyo kando yake: A ni takwimu rasmi ya nchi, E ni makadirio, I ni namba iliyojazwa kwa kukisia kutokana na nyingine. Ukiona nchi ina tani zilezile miaka miwili mfululizo, mpaka kilo ya mwisho, ujue mwaka wa pili hakuna aliyejibu dodoso.

Sasa bidhaa yenyewe. Ukichukua sura yote ya 47 ya mfumo wa HS, orodha ya kimataifa ya misimbo ya forodha, umebeba na takataka, tena kwa maana halisi, kwa sababu 4707 ni karatasi chakavu. Rojo la mbao ni 4701 hadi 4705. Namba 4706 ni rojo la karatasi iliyorejelewa na la mimea mingine kama mwanzi, nalo liache nje. Ukitumia SITC, mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za biashara, kundi 251 limechanganya rojo na karatasi chakavu, na chakavu ni 251.1, iondoe. Kosa hili halionekani sana kwa Uruguay, lakini utakapotaka kuweka mstari wa Afrika Mashariki chini ya jedwali lako litakuumbua. Mauzo ya sura ya 47 kutoka nchi zetu mara nyingi ni marobota ya maboksi yaliyotumika. Na karatasi ngumu ya kahawia ya kutengenezea mifuko na maboksi, kama ile ya kiwanda cha Mgololo, iko chini ya 4804, ambayo ni karatasi. Mti wa shamba la Sao Hill unaosagwa na kugeuzwa karatasi palepale kiwandani hauhesabiwi kamwe kama rojo lililouzwa nje, hata karatasi ikivuka mpaka.

Ndani ya 4703, yaani rojo la salfeti (lililopikwa kwa kemikali), kuna tofauti zinazobadilisha hitimisho. Uruguay huuza karibu bidhaa moja tu: 4703.29, yaani rojo la salfeti lililopaushwa la miti isiyo ya jamii ya misindano, kwa maneno mengine mikaratusi, nyuzi fupi. Brazil nayo ni nchi ya nyuzi fupi, ila ina viwanda vinavyotoa pia 4702, rojo la kutengenezea nyuzi za viskosi za nguo: Bracell kule São Paulo, na LD Celulose ya Minas Gerais iliyoanza 2022. Chile ina mikaratusi na misindano ya radiata, kwa hiyo sehemu kubwa ya rojo lake ni 4703.21, nyuzi ndefu, na jingine ni 4703.11 lisilopaushwa. Argentina ni mchezaji mdogo, na rojo lake la Misiones ni la misindano. Nyuzi ndefu kwa kawaida huuzwa ghali kuliko fupi kwa sababu ndizo zinazoipa karatasi nguvu. Ukigawa thamani kwa tani kwa "rojo lote", Chile itaonekana inajua kuuza kuliko Uruguay. Haijui zaidi, inauza kitu kingine. Ulinganisho wa bei ufanye ndani ya 4703.29 peke yake.

Uzani nao una siri yake. Biashara ya rojo huhesabu tani kavu ya hewani, yaani tani yenye asilimia 90 ya nyuzi na 10 ya unyevu, sawa na kilo 900 za nyuzi zilizokaushwa kabisa. Robota la kawaida lina takriban kilo 250, na nane hufungwa pamoja kwa waya kuwa furushi la tani mbili, ndilo utakaloliona likining'inia kwenye kreni. Mzani wa forodha hupima furushi lilivyo siku ile, na pengine limekauka zaidi au limenyonya unyevu ghalani. Tofauti ya asilimia moja au mbili kati ya FAO na forodha haina haja ya kutafutiwa mchawi. Ikifika asilimia kumi, tafuta. Huenda mmoja ametumia uzani mkavu kabisa, au mmoja amehesabu kwa mwaka meli ilipoondoka na mwingine kwa mwaka ilipofika.

Hilo la meli linatupeleka kwenye njia ya tatu, ambayo wachumi huipenda: kumuuliza mnunuzi. Badala ya kusoma Uruguay imeuza nini, unasoma China, Italia, Uholanzi na wengine wamenunua nini kutoka Uruguay, kisha unajumlisha. Kwa nchi yenye maeneo huru njia hii inasaidia sana, kwa kuwa forodha ya China haijali kama kiwanda kilikuwa ndani ya uzio gani. Inaandika asili ya mzigo. Ina mitego miwili. Kwanza, mnunuzi huandika bei ya CIF, ikiwa na nauli na bima, wakati muuzaji huandika FOB, bei ya mzigo ukiwa melini kwenye bandari ulikotoka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilizoea kukata asilimia 10 kuziba pengo hilo, baadaye likashuka hadi 6. Kwa bidhaa nzito ya bei nafuu inayosafiri kutoka Mto Plata hadi Asia, 6 inaweza kuwa ndogo. Pili, rojo jingi linalokwenda Ulaya hushushwa kwenye bandari za Uholanzi, kisha huenda kwa reli na mashua mpaka viwanda vya Ujerumani na kwingineko. Uholanzi itaonekana mla rojo mkubwa kuliko ilivyo. Kwa jumla ya Uruguay haidhuru, mradi Mjerumani hakuandika mzigo uleule mara ya pili.

Nimechukua nafasi kubwa kwenye data kwa sababu ulinganisho wenyewe, ukishakuwa na namba safi, ni hesabu ya shule ya msingi. Unachopaswa kuamua ni kugawanya kwa nini.

"Kanda" ni ipi? Ukisema Mercosur, jumuiya ya kibiashara ya Brazil, Argentina, Uruguay na majirani, umeitoa Chile, ambayo ni mshirika tu na si mwanachama kamili, na umemtoa muuzaji wa pili kwa ukubwa. Ukisema Amerika ya Kilatini na Karibi, umeongeza nchi nyingi ambazo hazibadilishi tani lakini zinabadilisha wastani wa kila nchi. Chukua namba za mviringo, za kufanyia hesabu tu: Brazil tani milioni 19, Chile 5, Uruguay 4.5, Argentina 0.2. Jumla 28.7, na Uruguay ni asilimia 15.7. Itoe Chile, jumla inabaki 23.7 na Uruguay inapanda hadi 19. Itoe Brazil badala yake, jumla ni 9.7 na Uruguay inakuwa asilimia 46. Nchi ni ileile na rojo ni lilelile. Ndiyo maana ripoti yako iandike majina ya nchi zilizomo kwenye kanda, si neno "kanda" peke yake.

Kwa Amerika Kusini ningekushauri utoe hesabu mbili zikiwa bega kwa bega: moja ikiwa na Brazil na nyingine isiyo nayo. Brazil ndiyo muuzaji mkubwa wa rojo kuliko wote duniani, na mauzo yake kati ya 2022 na 2024 yalikuwa takriban tani milioni 18 hadi 20 kwa mwaka. Kiwanda kimoja cha Suzano, cha Ribas do Rio Pardo kilichoanza Julai 2024, kina uwezo wa tani milioni 2.55, zaidi ya nusu ya uwezo wa Uruguay yote. Wastani wowote wa kanda ni Brazil iliyovaa koti la watu wengine. Na unapolinganisha nchi na kanda, nchi hiyo iondoe kwenye upande wa kanda, la sivyo unailinganisha na kitu ambacho sehemu yake ni yenyewe.

Kwa kila kichwa picha hugeuka. Uwezo wa viwanda vitatu vya Uruguay ni takriban tani milioni 1.3, 1.3 na 2.1, jumla 4.7, kwa watu karibu milioni 3.5. Ni zaidi ya tani moja na robo kwa kila mtu. Brazil, yenye watu milioni 203 kwa sensa ya 2022, haifiki kilo 100 zinazouzwa nje kwa kila mtu. Kipimo hiki kinavutia mikutanoni, lakini kinaeleza zaidi uchache wa watu kuliko ustadi wa misitu.

Kipimo chenye maana kubwa kwa wapanda miti ni uzito wa rojo katika mauzo yote ya nchi. Mwaka 2024 rojo liliiingizia Uruguay takriban dola bilioni 2.5, karibu asilimia 20 ya mauzo ya bidhaa, likaipita nyama ya ng'ombe. Brazil mwaka huohuo iliuza rojo la dola bilioni 10.6, mara nne ya Uruguay, lakini hiyo ni asilimia 3 hivi ya mauzo yake ya dola bilioni 337. Ukigawanya asilimia ya nchi kwa asilimia ya kanda unapata kielelezo cha Balassa. Zaidi ya 1 maana yake nchi imejikita kwenye bidhaa hiyo kuliko wenzake, na kwa Uruguay unakwenda mbali juu ya 1. Angalizo: asilimia 20 hiyo ina maeneo huru juu na chini ya mstari wa kugawanya. Watu huweka rojo la eneo huru juu, halafu chini wanaweka mauzo ya forodha pekee, ambayo hayana rojo lenyewe wala vitu vingine vya maeneo hayo kama vile kiini cha vinywaji baridi. Asilimia inavimba, na kila mtu anafurahi.

Ukuaji nao usiupime kwa mwaka hadi mwaka. Mauzo ya Uruguay hupanda ngazi, na kila ngazi ni kiwanda: mwisho wa 2007, katikati ya 2014, 2023. Ukianzia 2006, pakiwa karibu hapana kitu, asilimia ya ukuaji haina maana yoyote. Ukianzia 2015 na kuishia 2022, utasema nchi imelala. Kwa upande wa kanda epuka 2010 kama mwaka wa msingi, maana tetemeko la Februari 27 mwaka huo lilisimamisha viwanda vya Chile na kila kilichofuata kinaonekana ni ukuaji. Wastani wa miaka mitatu mitatu, iliyochaguliwa isikatwe na uzinduzi wa kiwanda, unatosha: kwa mfano 2011 hadi 2013 dhidi ya 2016 hadi 2018.

Tani na thamani ziweke kwenye michoro tofauti. Kati ya mwisho wa 2022 na katikati ya 2023 bei ya rojo la nyuzi fupi China ilianguka kwa karibu nusu, wakati uleule Paso de los Toros inaanza kumwaga rojo sokoni. Anayetazama dola peke yake kwa 2023 anaona ongezeko la wastani, na ngazi kubwa ya tani inamponyoka.

Jambo moja la muundo, ambalo jedwali la mauzo ya nje haliwezi kulionyesha. Uruguay karibu haina viwanda vya karatasi vya kula rojo lake. Fanapel ya Juan Lacaze ilifungwa 2017. Kwa hiyo kinachozalishwa kinauzwa nje karibu chote. Brazil hubakiza takriban robo ya rojo lake na kuligeuza karatasi na tishu nyumbani. Kwa mizani ya mauzo ya nje, nchi inayoongeza thamani inaonekana dhaifu kuliko isiyoongeza. Ongeza safu ya uzalishaji kando ya safu ya mauzo, FAO inazo zote mbili, na ugawanye ya pili kwa ya kwanza. Kwa wakulima wa Mafinga safu hiyo ina maana kuliko cheo cha nchi kwenye orodha. Weka pia sentensi moja kuhusu muda: sheria ya misitu ya Uruguay, namba 15.939, ni ya Desemba 1987, na kiwanda kikubwa cha kwanza kiliwasha mitambo miaka ishirini baadaye.

Kabla hujachapisha, pima jedwali lako kwa uwezo wa viwanda. Kwa mwaka mzima wa 2024, kama mstari wa Uruguay unasoma chini ya tani milioni 3, maeneo huru, au sehemu yake, yamekudondoka. Kama unasoma zaidi ya milioni 5, umeingiza kitu mara mbili, na mahali pa kwanza pa kuchungulia ni yale magogo ya 4403.